Jembe Tuliliona, Swali Hatukuliona

Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea kilipotoka mwezi Machi 1967, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nilikisoma tena chuo cha ualimu kwa ajili ya mtihani, na mara ya tatu nikiwa mwalimu mkuu, nilipohitaji maneno mazuri ya kuandikia taarifa ya shamba la shule. Mwaka huu, nikiwa mstaafu niliyevuka miaka 70, nimekisoma mara ya nne bila kutakiwa na mtu. Mara hii ndiyo iliyonifadhaisha.

Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua linalomfaa, na hali ya kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Ukitafakari, ndugu msomaji, utaona kwamba mambo hayo hayaanzi kuota shambani. Huota au hufa darasani, pale mwalimu anapouliza swali na mtoto anapojishauri kama anyooshe mkono au la.

Hapo ndipo ninapokilaumu kijitabu, ingawa namheshimu mwandishi wake. Mifano yake mingi ni ya shamba, karakana na mgawanyo wa kazi. Namna ya kuuliza swali, na namna ya kupokea jibu lisilo sahihi, hazikupewa nafasi. Angekuwa mwanasiasa tu tungemsamehe, lakini huyu aliwahi kushika chaki Tabora na Pugu. Nasi walimu tukashika kile kilichokuwa rahisi kukaguliwa. Wakaguzi walipofika waliuliza ekari na magunia. Simkumbuki hata mmoja aliyeuliza ni watoto wangapi walikuwa wamesema neno darasani siku ile. Hata andalio la somo tulilofundishwa chuoni lilikuwa na safu ya kazi ya mwanafunzi, nasi tukajaza humo "kujibu maswali" bila kujiuliza ni mwanafunzi gani huyo anayejibu.

Hata hivyo, nusu ya lawama ni yangu. Katikati ya miaka ya 1970, katika darasa la tano, nilimwuliza msichana mmoja nusu kujumlisha theluthi moja ni ngapi. Akajibu, "Mbili ya tano." Darasa likacheka, nami nikacheka nalo, kisha nikamgeukia mwingine. Jibu lile halikuwa la kipumbavu. Alikuwa amejumlisha namba za juu kwa juu na za chini kwa chini, kama alivyozoea kujumlisha namba nzima. Ningemwuliza kama mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, angeona mwenyewe kwamba ameongeza kitu na kikapungua. Sikumwuliza. Hakunyoosha tena mkono mbele yangu hadi alipomaliza darasa la saba.

Wapo wanaosema kwamba ukimya wa madarasa yetu umeletwa na Kiingereza. Kwa upande wa sekondari wana hoja nzito. Tume ya Rais ya Elimu, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilishauri Kiswahili kianze kutumika kufundishia huko, na ushauri huo haukutekelezwa. Lakini msichana yule nilisema naye kwa Kiswahili. Lugha pekee haimwondolei mtoto hofu ya kuchekwa.

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kiasi cha sekunde 1 tu kabla ya kusema tena. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na walioshindwa kujibu walipungua. Niliyasoma hayo nikiwa nimebakiza miaka michache nistaafu, wakati wa MMEM iliyoanza mwaka 2002, madarasa yakiwa yamefurika. Nikawaomba walimu wangu mambo matatu. Wahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kutaja jina la mtoto. Watoto wa dawati moja wanong'onezane jibu kabla ya kulisema mbele ya wote. Na jibu lisilo sahihi lisikataliwe kabla mtoto hajaulizwa, "Umefikaje hapo?"

Baadhi yao walilalamika kwamba muhtasari hautaisha, na ni kweli kwamba mara nyingine tulichelewa. Sina takwimu za kujivunia. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba watoto wa madawati ya nyuma, ambao sauti zao hatukuwa tukizijua, tulianza kuzijua. Na makosa tuliyokuwa tukiyakuta kwenye karatasi za mtihani, muda ukiwa umekwisha, tulianza kuyasikia mapema tukayarekebisha.

Kwa hiyo bado nawashauri walimu vijana wakisome kijitabu kile, ila wakisome wakiwa na andalio la somo mkononi, wajiulize ni wapi katika dakika 40 za kipindi mtoto atapata nafasi ya kudadisi na kukosea bila kuaibishwa. Yule msichana wangu sasa ni mama mtu mzima. Nikijaliwa kukutana naye nitamwomba radhi, kisha nitamwuliza alifikaje kwenye ile mbili ya tano, na safari hii nitasubiri jibu.