Daraja la Mfugale na faida ya wanaopita chini

Lori lililobeba kahawa ya Karagwe au Kyerwa kwenda bandari ya Dar es Salaam halipandi Daraja la Mfugale. Likifika Ubungo kutoka Morogoro hukunja kulia na kuingia Barabara ya Mandela, likapita Buguruni, kisha likapita chini ya daraja hilo kwenye makutano ya TAZARA na kuendelea kuelekea Kurasini. Wanaopanda juu ni wa Barabara ya Nyerere, wale wa kati ya uwanja wa ndege na mjini. Hao ndio waliosifiwa picha zilipopigwa Septemba 2018, Rais Magufuli alipolizindua. Mimi naona aliyepata faida kubwa ni dereva wa chini, na sababu iko kwenye taa za barabarani.

Makutano yenye njia nne huendeshwa kwa zamu. Tuchukue mfano wa kawaida: mzunguko mmoja wa taa ni sekunde 120, na kila zamu inapobadilika zinapotea kama sekunde 5, magari ya mwisho yakimalizia kutoka na ya upande mwingine yakianza kuondoka. Zamu nne zinakula sekunde 20. Zinabaki 100, kila upande 25. Wahandisi hukadiria kwamba safu moja ya magari ikiwa na taa ya kijani saa nzima hupitisha magari takriban 1,800. Kwa sekunde 25 katika kila 120, safu hiyo inapitisha 375 tu kwa saa. Semi-trela moja inahesabiwa kama magari madogo mawili au zaidi, maana inachelewa kuondoka. Mandela ni njia ya malori, kwa hiyo hata hizo 375 hazitimii.

Sasa inyanyue Nyerere. Magari yanayonyooka yanapita juu bila kusimama. Chini zinabaki zamu tatu: wanaonyooka Mandela pande zote mbili kwa pamoja, wanaokunja kulia kutoka Mandela, na wanaokunja kulia kutoka Nyerere. Zinapotea sekunde 15, zinabaki 105. Wape wanaokunja sekunde 25 kila kundi, na anayenyooka Mandela anapata 55. Safu yake inapitisha magari 825 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya awali, ingawa barabara yake haikuongezwa hata mita moja ya upana.

Kwa nini hawakuinyanyua Mandela yenyewe? Sheria inaruhusu lori kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Chini ya daraja lazima ibaki nafasi ya zaidi ya mita 5, na unene wa daraja lenyewe unaweza kukaribia mita 2, hivyo barabara ya juu inapanda kama mita 7. Kwa mwinuko wa asilimia 5, huo ni mpando wa mita 140 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kulainisha kona za juu na chini. Weka foleni ya malori ya tani 56 kwenye mpando huo, moja lizimike katikati, na daraja limekuwa kizibo. Daladala na magari madogo hupanda bila taabu. Kuyaacha malori kwenye tambarare ulikuwa uamuzi sahihi, na ndio ninaouheshimu kuliko zege lote lililomwagwa pale.

Kazi ilifanywa na kampuni ya Sumitomo Mitsui ya Japani, kwa msaada wa serikali ya Japani kupitia shirika lake la JICA, chini ya usimamizi wa Wakala wa Barabara (TANROADS). Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2016. Daraja lina njia nne na limepewa jina la Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS. Ugumu wa kazi ya namna hii ni kujenga bila kufunga barabara: nguzo zinasimama katikati, magari yanasukumwa pembeni, na mabomba ya maji na nyaya vinahamishwa kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Foleni, hata hivyo, husogea. Magari yaliyovuka TAZARA bila kusimama yalikwenda kujazana kwenye taa za Chang'ombe, na malori ya Mandela yakakutana na foleni ya makutano ya Uhasibu. Sehemu hizo mbili zilijengewa madaraja ya juu katika awamu ya pili ya mabasi yaendayo haraka. Ubungo, ambako barabara za Morogoro na Mandela zote mbili zilikuwa zimeelemewa, kulihitaji ngazi tatu. Daraja la huko, la Kijazi, lilizinduliwa Februari 2021.

Kwetu Karagwe hakuna makutano yanayohitaji daraja la juu, na asiwepo wa kuliomba. Lakini Omugakorongo, inapochepuka barabara ya Kigarama na Murongo kwenda Kyerwa, magari yataongezeka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande wa barabara kuu na za mkoa, kutoka katikati. Ardhi hiyo ndiyo itakayoamua kama siku moja itawezekana kuongeza njia ya kukunjia kulia, au hata mzunguko tu, bila kubomolea watu nyumba na kulipa fidia. Halmashauri iweke alama za mipaka sasa, vibanda vikiwa bado vichache.