Wakulima wa Zabibu wa Dodoma
Mvinyo wa Dodoma, unaonywewa na marafiki katika baa za mtaani, huanzia katika nyanda za nusu ukame, ambako mkulima hupogoa mizabibu, yaani hukata matawi yaliyokwisha kuzaa ili machipukizi mapya yabebe vishada, kazi inayowezesha shamba kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu wa mvua yeye hugeuza majani akitafuta ukungu, na wakati wa mavuno hukata kishada kimoja kimoja kwa mkono, kisha huviwahisha kiwandani kabla joto halijaanza kuzichachusha zabibu ndani ya kreti. Kila anywaye ana deni kwake, na deni hilo halilipwi lote kwa bei ya chupa.