Hariri Haitaki Haraka

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, na malipo ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, yakishafika mikononi mwa wakulima, Masasi na Newala huingia msimu wa harusi. Barazani kwa mafundi cherehani hushuka vitambaa vya kila namna: vitenge, satini, lesi, na kwa nadra, hariri yenyewe. Hapo ndipo napenda kukaa na kutazama. Fundi ninayemfuata ni mama wa makamo wa Newala, na akipokea hariri, siku hiyo haanzi kukata gauni.

Kwanza huchomoa nyuzi mbili tatu ukingoni na kuziwasha. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Harufu ile ina maana. Kiwavi hujizungushia uzi unaofika mamia ya mita katika kifukofuko kimoja, na uzi huo ni protini, kama unywele wa binadamu. Kwa hiyo jiki huula, maji ya moto huuharibu, na jua kali huudhoofisha.

Kisha hukata kipande cha mraba, sentimita 10 kwa 10, na kukiloweka. Kikikauka hukipima tena kwa futikamba kuona kama kimerudi, na hukikandamiza juu ya kitambaa cheupe kuona kama kinachuja. Kikichuja, humweleza mteja wazi na kushona bila kufua. Kikitulia, kitambaa chote kinafuliwa kwanza, ili kisije kikarudi baada ya kuwa gauni.

Maji ya kazi hiyo ni ya mvua. Huku juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, maji yamekuwa shida tangu zamani. Watu waliyafuata mabondeni kwa miguu, na wakajifunza kuyavuna kutoka mapaani. Maji ya mvua hayana chokaa, hivyo sabuni laini huyeyuka vizuri na kusuuzika yote. Hakamui hata kidogo. Huviringisha kitambaa ndani ya kanga safi, hukandamiza, halafu hukianika ndani ya nyumba, mbali na jua na vumbi jekundu la barabarani.

Siku ya kukata huanza na mikono. Fundi naye ni mkulima wa korosho kama majirani zake, na msimu huo viganja vyake ni vigumu, vyenye mikwaruzo inayonasa nyuzi. Huvisugua kwa sukari na tone la mafuta ya nazi, huviosha kwa sabuni mara mbili, hukata kucha na kuzilainisha kwa tupa ndogo. Mabibo hayaruhusiwi kufika barazani siku hiyo, kwa sababu kila mtu huku anajua doa la bibo halitoki. Nilipoona hayo mara ya kwanza nilielewa kwa nini watu humkabidhi kitambaa kilichonunuliwa kwa mavuno ya mwaka mzima.

Hutandika karatasi mezani, hariri juu yake, tabaka moja tu, maana mbili huteleza. Pini huingia kwenye akiba ya mshono peke yake, kwani tundu kwenye hariri halifutiki. Hupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ndipo anaweka sindano mpya namba 9 kwenye cherehani. Kila mshono hupita mara mbili, kingo mbichi zikifichwa ndani, hata ukigeuza gauni huoni uzi unaoning'inia.

Pasi yake ni ya mkaa. Hupunguza makaa, hupangusa jivu, huijaribu kwenye kipande kilichobaki, kisha hutandaza kitambaa cha pamba juu ya upande wa ndani wa hariri. Haiburuti pasi. Huishusha, huihesabia, huinyanyua tena.

Mteja akiwa wa Masasi, kule chini kwenye joto zaidi, huongeza vipande vya pamba kwapani, vilivyoshikizwa kwa uzi mwepesi ili vifumuliwe na kufuliwa peke yake. Jasho hudhoofisha hariri, na manukato pia, kwa hiyo humwagiza mteja ajipulizie kwanza, yakauke, ndipo avae.

Gauni likikamilika hulifunga kwenye kanga iliyofuliwa, si mfuko wa nailoni, ili lipumue. Juu yake huweka kile kipande cha mraba cha siku ya kwanza, kimenyooshwa na kukunjwa. Mwenye gauni akinunua sabuni mpya, ataijaribu hapo kwanza. Shughuli ya fundi imeisha, lakini hariri bado ina pa kuanzia kila mara itakapoguswa na maji.