Fundi Anayesikiliza Diski

PlayStation 2 inapougua, sikio hujua kabla ya jicho. Diski inaanza kuzunguka, inapanda kasi, inasita, inapungua, inapanda tena. Ndani lenzi inagota, ti-ti-ti, ikitafuta pa kushika. Mwishowe kioo cha televisheni kinageuka chekundu na maandishi ya Kiingereza yanadai diski nyingine. Mwenye mashine huwa ameshakata tamaa, anasema imekufa. Fundi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, huinamisha kichwa, husikiliza mzunguko mmoja zaidi, kisha huuliza: "Inakataa diski gani, kaka? Ya tumbo jeusi, la buluu au la fedha?"

Swali hilo limebeba elimu kubwa. Gemu za PlayStation ya kwanza zilitoka kwenye CD zenye tumbo jeusi. Za PlayStation 2 zilizokuwa ndogo zilitoka kwenye CD za tumbo la buluu, na zilizokuwa kubwa kwenye DVD za tumbo la fedha. Jicho la mashine ni moja, lakini mwanga unaopita humo ni wa aina mbili: wa CD wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, na wa DVD wenye nanomita 650. Kila mmoja huchoka kwa wakati wake. Kama nyeusi na buluu zinakataa huku ya fedha inacheza vizuri, mwanga wa CD ndio unaofifia, na injini inayozungusha diski haina kosa. Kama zote zinakataa, huenda ni uchafu tu, au grisi iliyokauka kwenye reli ambayo lenzi hutembelea. Fundi ameshapunguza nusu ya kazi na bisibisi bado iko mezani.

Ufundi huu haujapata sifa unazostahili, na ninataka kuusifu waziwazi. Ninaishi Kajaga, kwenye ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na barabara inayokwenda Gatumba hadi mpaka wa Kongo. Mashine za mtumba hutufikia kwa njia nyingi: kutoka soko la Ruvumera, kwa ndugu aliyerudi kutoka Ubelgiji au Dubai, kwa jirani anayehama, kwa mtu aliyevuka mpaka na mzigo kutoka Uvira. Na kila anayenunua moja huulizwa na vijana wa nyumbani kwake kwa nini hakungoja apate fedha za kununua ya kisasa.

Sababu ni kwamba ya kisasa haichezi gemu za zamani. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 160 duniani, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. Waliobuni mashine hiyo walifanya jambo la heshima: ndani yake waliweka prosesa ya PlayStation ya kwanza. Ukiweka gemu mpya, prosesa hiyo ya zamani inatumikia, inapokea amri za pedi na kushughulika na diski. Ukiweka gemu nyeusi ya miaka ya tisini, inarudi kwenye kiti chake na kuendesha kila kitu kama zamani. Kizazi kipya kilikuwa kimembeba mzazi wake mgongoni.

Heshima hiyo haikudumu. PlayStation 3 za kwanza, zilizotoka Japani na Marekani mwishoni mwa 2006, bado zilikuwa na chipu za PlayStation 2 ndani. Zilizofika Ulaya Machi 2007 zilikuwa zimeshaondolewa prosesa kuu ya PlayStation 2. Kabla mwaka huo kwisha likatoka toleo la bei nafuu lisiloweza kucheza diski za PlayStation 2 hata kidogo. PlayStation 4 ya mwaka 2013 haikusoma diski za mashine yoyote iliyoitangulia. Mwaka 2021 kampuni inayozitengeneza ilitangaza kufunga duka la mtandaoni la PlayStation 3, ikabadili uamuzi baada ya wateja kulalamika sana. Na mwaka 2023 watafiti wa Video Game History Foundation walionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Fikiria vitabu vya zama nzima, na karibu tisa katika kila kumi huwezi kuvinunua isipokuwa umpate aliyehifadhi nakala.

Kwa hiyo kazi ambayo viwanda viliiacha imeangukia meza za mafundi. Hawakuitafuta. Wao hutengeneza redio, simu, deki, chochote kinacholetwa. Lakini kwa kuendelea kufungua mashine ambazo mtengenezaji wake hazitaki tena, wamekuwa wahifadhi wa kumbukumbu ambayo hakuna maktaba yetu inayoihifadhi.

Na kumbukumbu hiyo inatuhusu. Mwanasoka Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akachezea Vital'O, akaenda Yanga ya Dar es Salaam, baadaye akafika Rennes na Monaco. Msimu wa 2002/03 alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ufaransa kwa mabao 26. Jezi ya taifa aliyovaa ilikuwa ya Kongo, lakini mji aliozaliwa ni huu wetu. Katika gemu za FIFA za miaka hiyo yumo, na jezi nyekundu na nyeupe ya Monaco, akikimbia na kupiga kwa nguvu alizopewa na watu wa mbali waliomtazama akicheza. Gemu ya mwaka huu haina nafasi yake. Kila toleo jipya hufuta kikosi cha jana ili kuuza cha leo. Diski ya zamani haifuti mtu. Nonda bado ana umri ule ule, Adriano wa Inter katika gemu ya PES 6 bado ana mguu wa kushoto ambao makipa waliuogopa, na hakuna sasisho litakalokuja usiku kuwapunguza. Gemu iliyofungwa kwenye diski ilikuwa imekamilika siku ilipotoka kiwandani. Kwa nyumba inayonunua intaneti kwa vifurushi, huo ni uhuru.

Kununua mashine pia ni sehemu ya ufundi, na hapa wengi huumia. Jambo la kwanza ni kugeuza mashine na kusoma namba iliyo kwenye lebo. Herufi ni SCPH, kisha tarakimu tano, na mbili za mwisho husema ilikotoka: 00 ni Japani, 01 ni Marekani, 03 ni Uingereza, 04 ni Ulaya bara. Katika zile nene za mwanzo, ya Japani imeundwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 220, unaichoma. Zaidi ya hapo, diski za Ulaya hazikubali kucheza kwenye mashine ya Marekani ambayo haijafanyiwa kitu. Kisha utazame namba yenyewe. Kuanzia SCPH-75000 ile prosesa ya PlayStation ya kwanza iliondolewa, ikawekwa nyingine inayoiigiza, na baadhi ya gemu za zamani zikaanza kusumbua. Anayetaka gemu za tumbo jeusi atafute iliyotangulia hapo. Asiyezihitaji achukue SCPH-90000, nyembamba, yenye transfoma yake ndani, maana adapta ya nje ya zile nyembamba nyingine ni ya volti 8.5 na ikipotea hupati mbadala wake kwenye kila duka.

Nenda na diski zako, moja ya kila tumbo. Ukiweza, ongeza ya tabaka mbili kama God of War II, kwa sababu lenzi iliyochoka hujificha kwenye diski nyepesi na kuumbuka kwenye hiyo. Usiondoke baada ya kuona nembo ikiwaka. Kaa, cheza, iache ipate joto.

Ninasisitiza joto kwa sababu ya hila moja. Kwenye lenzi za mashine nyingi nene kuna vidude viwili vidogo vya kugeuza kwa bisibisi nyembamba, kimoja cha CD, kingine cha DVD. Ukipunguza ukinzani, mwale wa leza unapata nguvu, na lenzi iliyokuwa hoi inasoma kila kitu. Muuzaji mwenye haraka huvigeuza sana, mashine inang'aa siku ya kuuzwa, na baada ya muda mfupi leza imeungua kabisa. Fundi wa kweli huanza na pamba na spiriti. Anasafisha lenzi kwa mguso mwepesi, anafuta grisi ya zamani kwenye reli na kupaka mpya, anakagua utepe wa waya kama umekunjika, anajaribu. Ikishindikana ndipo anapima ukinzani kwa mita, anaandika namba kwenye karatasi, anaweka alama ya kalamu mahali kidude kilipokuwa, na kukisogeza kiasi cha unywele. Anajaribu tena. Nimewaona wakirudisha mahali pa mwanzo wakiona hakuna faida, badala ya kulazimisha. Kujizuia huko ndiko ninakokuheshimu kuliko wepesi wa mikono, kwa sababu mteja hakuoni na hakulipii.

Magonjwa mengine ni mepesi kwa anayejua. Pedi zote mbili zimekufa kwa mpigo? Mara nyingi ni fyuzi ndogo kwenye bodi, ndogo kuliko punje ya mchele. Mashine imesahau saa na tarehe? Betri ya CR2032. Inapiga kelele na kuzima? Feni imejaa vumbi.

Kajaga ina magonjwa yake. Ziwa hutuletea unyevu, upepo hutuletea mchanga laini, na wadudu wa taa huingia kwenye matundu ya feni usiku. Shaba ya kwenye bodi hupata kutu ya kijani. Mwaka 2024, Tanganyika ilipopanda na maji kuingia kwenye nyumba za Gatumba na Kajaga, watu waliokoa magodoro na vyombo kwanza, ilivyopasa, na vifaa vya umeme vikabaki majini. Maji ya ziwa hili yana madini mengi, yakikauka huacha unga mweupe kati ya miguu ya chipu. Kosa baya ni kuiwasha mashine ili kuona kama imepona. Fundi huiondoa betri, huifungua yote, huosha bodi kwa maji safi kutoa tope, halafu kwa spiriti na mswaki laini, huiacha ikauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa, ndipo anaanza kupima kwa mita kabla ya kuruhusu umeme. Si zote zinazorudi. Zisizorudi hutoa fyuzi, feni na skrubu kwa ajili ya nyingine.

Niseme pia kuhusu nakala. Diski nyingi zilizochezwa mjini hapa zilikuwa za kuchoma, na mafundi hawa ndio waliolehemu chipu zilizoziruhusu. Sitaki kulificha hilo. Siku hizi wengi hutumia memori kadi yenye programu ya Free McBoot, na gemu hupakiwa kutoka nje bila diski. Kwa lenzi iliyokufa kabisa ni dawa nzuri, ila tundu la USB la mashine hii ni la kizazi cha kwanza, na filamu za ndani ya gemu hukwamakwama. Ile nene yenye nafasi ya diski kuu kwa nyuma hufanya kazi vizuri zaidi. Mimi bado napendelea diski halisi pale inapopatikana, na televisheni ya kichogo, kwa kuwa picha hizi zilichorwa kwa kioo cha namna hiyo, na pedi ikibonyezwa mchezaji anapiga papo hapo.

Memori kadi ya mtumba nayo ina jambo lake. Mashine inapowaka, minara inayoonekana kwenye giza la buluu hutokana na kumbukumbu iliyo kwenye kadi: kila gemu iliyochezwa ina mnara, na mnara hurefuka kadiri gemu inavyorudiwa. Ukichomeka kadi ya mtu mwingine unaona mapenzi yake. Fundi ninayemwendea hafuti kadi bila kumuuliza aliyeileta, hata kama megabaiti nane zimejaa. Akiambiwa mwenyewe hajulikani, huiweka kando kwenye kopo na kumtafutia mteja kadi nyingine.

Vijana wanaojifunza kwake hawagusi kwanza mashine ya mteja. Hupewa lenzi zilizokufa, wazifungue na kuzifunga mpaka wajue kila skrubu inakaa wapi. Baada ya hapo huwekwa kwenye kiti mkabala na mashine nzima yenye kifuniko wazi na gemu ndani, wakikatazwa kushika chochote. Kazi yao ni kumweleza, kwa kusikia tu, diski iliyomo ni ya tumbo gani na imefikia wapi katika kusomwa. Wengine huona wanacheleweshwa na kuondoka. Waliobaki ndio ninaowapelekea mashine yangu.