Damu ya Mwanamke katika Mizani: Kisasi katika The Family Reunion ya T. S. Eliot

Tamthilia ya kishairi ya T. S. Eliot, The Family Reunion, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1939, ni jaribio mashuhuri la kuurejesha mkasa wa Orestes katika jukwaa la karne ya 20. Wahakiki wengi wameijadili kwa upande wa fani, na mtunzi mwenyewe, katika mhadhara wake "Poetry and Drama" (1951), alikiri kwamba kisa cha Kigiriki na hali ya kisasa havikuoana, na kwamba Erinyes hawakukaa vyema jukwaani. Makala haya yanadai kuwa kasoro kubwa zaidi imo katika maudhui. Kasoro hiyo hudhihirika tamthilia inaposomwa kwa jicho la jamii ambayo kwayo kisasi ni suala la sheria na uhai, kama vile jamii ya wafugaji wa Lafey, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia.

Katika utatu wa Aeschylus (458 K.K.), Clytemnestra anamuua mumewe, Orestes anamuua mama yake, na Erinyes wanamwandama wakidai damu. Shauri linapelekwa mbele ya baraza la Athens. Apollo anatetea kwamba mama si mzazi hasa, bali ni mlezi tu wa mbegu ya baba. Kura zinalingana, Orestes anaachiliwa kwa kura ya Athena, na Erinyes wanabembelezwa hadi wakawa walinzi wa mji. Amani inapatikana, lakini bei yake ni kuishusha thamani ya damu ya mwanamke.

Eliot ameliondoa shauri hili zima. Harry anarejea Wishwood baada ya miaka minane, akiamini kwamba alimsukuma mkewe baharini. Agatha anamfichulia kuwa baba yake aliwahi kutaka kumuua Amy, mama yake, alipokuwa na mimba yake. Hatia inageuka dhambi ya kurithi, naye Harry anaondoka kuwafuata wale waliokuwa wakimwandama. Amy hauawi na mtu. Moyo wake unasimama. Hakuna baraza, hakuna mdai, hakuna kura.

Msomaji wa Lafey angeanza na swali jingine: marehemu ni wa nani? Mke wa Harry hana jina, hana kaka, hana ukoo unaokuja kumdai. Katika xeer, yaani sheria ya mila ya Wasomali, mauaji hayawi kamwe mali ya muuaji peke yake. Kundi lake la ukoo hulipa dia, na ukoo wa marehemu hupokea. Yamkini mtu atajibu kwamba Eliot aliandika juu ya dhambi na toba ya Kikristo, wala si juu ya sheria. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Toba ya muuaji ikichukua nafasi yote ya jukwaa, aliyekufa hubaki chombo cha kumwokoa aliye hai.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari tusiitukuze mila. Kiwango cha dia kinachojulikana ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Hoja ya Apollo, basi, haijatoweka duniani. Imehesabiwa kwa mifugo. Aidha, dia haikuzuia mapigano ya Wagarre na Wamurule ya 2004 na 2005 katika Mandera.

Ni katika Wajir jirani ndiko tunakopata mwanga mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa koo zinazopigana, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi (1964–2011), walianza kutuliza soko, kisha wakawasukuma wazee kwenye mazungumzo yaliyozaa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Kwa Aeschylus, wanawake wanaodai damu hunyamazishwa kwa heshima. Katika Wajir, wanawake, ambao damu yao inahesabiwa nusu, ndio walioliitisha baraza.

Suala hili linaigusa fani pia. Korasi ya Eliot, yaani ami na mama wadogo wa Harry, hutamka hofu na mshangao wake bila kubadili lolote. Kwa Wasomali, shairi ni tendo: gabay limewahi kuchochea vita na limewahi kuvizima. Mshairi husema kwa niaba ya ukoo, na ukoo hujibiwa kwa shairi.

Kiswahili tayari kina Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi (1971), na Ngao ya Jadi ya Ebrahim Hussein (1976), inayoonyesha jinsi ubeti unavyoweza kubeba jukwaa. Mtunzi atakayeuleta mkasa wa Orestes katika nyanda za Mandera asiige ukimya wa Wishwood. Ampe marehemu jina na ndugu wa kumdai, ampe korasi uwezo wa kuamua, na aliulize baraza swali ambalo Athena alilikwepa: kwa nini damu hii ipimwe nusu?