Mguu Ulionyooka

Ukitaka kumjua seremala, tazama miguu ya kiti chake. Mgongo utafunikwa na kitambaa na kikalio kitafichwa na godoro, lakini mguu husimama wazi, na kosa lolote la randa au patasi hubaki hapo kwa umri wote wa kiti.

Kwenye karakana za kando ya barabara pale Usagara, mkoani Mwanza, njia ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo na Busisi, kazi ya kuchonga mguu huonekana bila kiingilio. Fundi huchukua mti wa mninga uliokauka vizuri, akauchana uwe na pande nne sawa, kisha akaweka alama ya penseli pale fremu ya kikalio itakapokaa. Juu ya alama hapaguswi, maana hapo ndipo ulimi wa fremu utakapoingia kwenye tundu. Chini ya alama ndipo randa huanza kula: upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, zote zipungue sawasawa hadi unyayo uwe karibu nusu ya unene wa juu. Huinua mguu usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akaurudisha benchini na kupitisha randa mara moja tu. Maranda ya mwisho huwa membamba kiasi cha kupenya mwanga. Upande mmoja ukipungua kuliko wenzake, kiti kizima kitaonekana kama kimelemewa, hata kama hakiyumbi.

Mguu huo una ukoo mrefu. Katikati ya karne ya 18 matajiri wa Ulaya walikalia viti vya miguu iliyojipinda na kujikunja, vilivyojaa makombe na majani ya kuchonga. Wakati huo huo udongo ulikuwa ukifukuliwa Italia: Herculaneum kuanzia mwaka 1738, Pompeii kuanzia 1748, miji ya Kirumi iliyozikwa na mlima Vesuvius mwaka 79. Watu wakaona nyumba za kale, meza zake na michoro ya kutani, na ladha ikageuka. Robert Adam, msanifu wa Uskoti aliyerejea kutoka Italia mwaka 1758, alichora nyumba pamoja na samani zake ili dari, ukuta na kiti vizungumze lugha moja. Paris, fundi Georges Jacob alinyoosha miguu ya viti na kuichonga mifereji midogo inayoshuka wima, kwa kufuata nguzo za mahekalu. Huo ndio ulioitwa urasimi mpya: mistari iliyonyooka, pande zinazolingana, pambo dogo lililowekwa mahali pake.

Mtindo ulienea kwa vitabu vya michoro. Cha George Hepplewhite kilitolewa na mjane wake, Alice, mwaka 1788, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe. Cha Thomas Sheraton kilianza kutoka 1791. Fundi wa mji mdogo ambaye hakuwahi kukanyaga London aliweza kufungua ukurasa, akapima, akachonga. Leo mteja wa Mwanza humwonyesha fundi picha kwenye simu na kumwambia, "Nitengenezee kama hiki." Fundi hutazama kwa dakika chache, hukadiria urefu, na siku chache baadaye kiti kipo. Kukitoa kiti kizima ndani ya picha bapa ni akili ya hali ya juu, na hatuisifu inavyostahili.

Lipo jambo moja la mafundi wale wa Ulaya linalonigusa zaidi. Kiti walichokitamani kuliko vyote ni kile cha Wagiriki, chenye mgongo uliopinda kidogo kumpokea mkaaji na miguu iliyotanuka kwenda nje. Hakuna hata kimoja kilichosalia. Mbao zake zilioza zamani. Walikijua kwa picha tu, zilizochorwa kwenye vyombo vya udongo au kuchongwa kwenye mawe ya makaburi, kama lile la Hegeso wa Athens, la karibu mwaka 400 kabla ya Kristo. Wakakisia, wakajaribu, wakakifufua.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kukisia. Bujora, pale Kisesa, lipo Jumba la Makumbusho la Wasukuma lililoasisiwa na Padre David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Ndani ya uwanja wake limejengwa jengo la heshima ya watemi, na umbo la jengo lenyewe ni kigoda cha mtemi. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa kazi ya mchongaji: kiti kimekuwa nyumba. Kigoda cha asili hutokana na gogo moja. Hakina kiungo, hakina gundi, hakina msumari. Tezo huondoa kisichohitajika mpaka kikalio na miguu vibaki. Jirani zetu Wanyamwezi walikwenda mbali zaidi, wakatoa kiti cha miguu mitatu chenye mgongo mrefu, na nyuma ya mgongo umbo la mtu limechongwa humo humo. Kimoja cha aina hiyo kiko makumbusho ya Berlin. Uwiano wake ungemnyamazisha Adam.

Na Afrika ilikuwamo katika urasimi mpya tangu zamani. Baada ya Napoleon kuivamia Misri mwaka 1798, vichwa vya sanamu za Mafarao vilianza kubeba mikono ya viti vya Paris. Upande wa machungu, mahogani iliyong'arisha samani za Waingereza ilikatwa Jamaika na pwani ya Honduras na Waafrika waliofanywa watumwa. Anayeisifu meza ya Sheraton awataje na hao.

Mkangazi wetu ni wa ukoo mmoja na mahogani hiyo, na mninga kwangu unaushinda kwa rangi. Mbao tunazo, mikono tunayo. Kinachonisikitisha ni kuona duka likiuza kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, linalovimba likiguswa na maji, huku fundi wa mninga akibembelezwa ashushe bei hadi aache ulimi na tundu, apige misumari. Ukienda kwa fundi, mwombe akuonyeshe kiti kabla ya vanishi. Kipindue, tazama viungo, kisha lipa bei ya kazi uliyoiona.

Nanyi walimu wa useremala wa VETA pale Nyakato, Bujora iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Musoma, mwendo mfupi kwa daladala. Wapelekeni vijana na rula na penseli. Wavipime vigoda vya watemi, upana wa kikalio, mwinamo wa mguu, unene wa unyayo, wavichore kwa vipimo kamili, na michoro hiyo ichapwe kitabu ambacho fundi wa Usagara, Sengerema au Nansio ataweza kukifungua juu ya benchi lake.