Tundu la Mraba: Kuisoma Sarafu ya Yongle

Udongo wa Kibokoni umejaa mabaki ya watu. Ni mtaa wa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, na anayechimba msingi huko hutoa vigae vya vyungu kabla shimo halijamfika magotini. Mwenye mashine ya kusaka vyuma akiipitisha hapo, italia kwa msumari wa jahazi sawasawa na itakavyolia kwa sarafu ya mfalme. Mashine haijui kusoma. Kusoma ni kazi ya jicho, na sarafu moja ya Kichina nataka tuisome kama tunavyousoma utungo: fani kwanza, maudhui baadaye, na kila dai la maudhui litafutiwe ushahidi katika fani.

Sarafu hiyo, ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming ya China, ilipatikana Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na habari zake zikaenea mwaka 2010. Wachimbaji walikuwa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiwemo Herman Kiriama, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking wakiongozwa na Qin Dashu. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine ya enzi hiyohiyo kutoka kisiwa cha Manda, kazi ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams.

Tuanze na tundu. Mwenyeji wa Mombasa hashangazwi na sarafu iliyotobolewa katikati. Senti za Afrika Mashariki za wakati wa Mwingereza, zile zenye pembe za ndovu zilizopindana, nazo zina tundu. Lakini lile ni duara. Hili ni la mraba, lenye ukingo wake ulioinuka kidogo, na limeumbwa pamoja na sarafu. Sarafu ya Kichina haikugongwa muhuri, ilisubiwa: shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikatoka na mabaki ya shaba pembeni. Mafundi wakazitunga sarafu nyingi kwenye ufito wa pembe nne, zisizunguke, wakazipiga tupa kingo zote kwa pamoja. Baadaye tundu lilelile likapitishwa kamba, zikahesabiwa kwa tungo. Mtengenezaji na mtumiaji wote wawili walilihitaji, na ndiyo maana umbo hilo liliishi zaidi ya miaka 2,000.

Herufi ni nne, zimelizunguka tundu: *Yong* juu, *le* chini, *tong* kulia, *bao* kushoto. Mpangilio huu ni wa kuangaliwa kwa makini, kwani si sarafu zote zinazosomwa hivyo. Nyingi za enzi ya Song, iliyotangulia Ming, husomwa kwa mzunguko, kuanzia juu kuelekea kulia, na anayeisoma ya Yongle kwa njia hiyo atapata maneno yasiyoungana. Mbili za kwanza ni jina la utawala, ulioanza 1403 ukaisha 1424. Mbili za mwisho zinasema tu kwamba hii ni fedha halali. Mji haukutajwa, wala mwaka, wala sura ya mtu.

Hati nayo ina lake. Wasong walizichezea hati zao: sarafu moja ina mwandiko wa mihuri ya kale, nyingine mwandiko wa haraka unaokimbia, na mfalme Huizong alifikia kutoa mwandiko wa mkono wake mwenyewe, mwembamba na mkali. Mimi kwa uzuri ningechagua hizo. Ya Yongle ina hati iliyonyooka, kila mstari mahali pake, na nakala zake zinafanana mno. Huo utulivu nausoma kama sauti ya serikali inayosema na watu wa mbali. Nyumbani wafalme wa mwanzo wa Ming walisukuma fedha ya karatasi. Shaba ya Yongle ilivuka bahari kwa wingi, hata Japani ikawa fedha ya kuaminiwa sokoni kwa vizazi vingi baada ya mfalme kufa. Hapo ndipo ninapopinga usemi uliorudiwa na magazeti mwaka 2010, kwamba sarafu hii ilibebwa na wajumbe wa mfalme peke yao. Fani haiungi mkono. Kitu kilichosubiwa kikafanana hivyo, kikaumbwa na tundu ili kitungwe kamba, kilikusudiwa kupita mikono mingi.

Sasa igeuze. Nyuma hakuna kitu. Shaba tupu, ukingo na tundu.

Utupu huo unaonekana vizuri zaidi ukiiweka sarafu hii kando ya zile za Kilwa. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba zenye hati ya Kiarabu pande zote mbili: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Mshairi yeyote wa pwani angezielewa mara moja: uso ni ukwapi, mgongo ni utao, na kina kinazifunga. Ndiyo sababu ubeti huo wa shaba hausomeki mpaka uugeuze mkononi. Pesa ya shaba ya 1888 iliyotolewa kwa Mombasa na kampuni ya Imperial British East Africa ilikuja na tabia nyingine kabisa: jina la kampuni, jina la mji, mwaka, na mizani ya haki juu yake, kama hati ya mkataba. Katika tatu hizi ya Yongle ndiyo inayosema machache kuliko zote, na kila inachosema kimewekwa upande mmoja.

Inachosema ni tarehe ya kuondoka. Haiwezi kuwa ardhini kabla ya 1403. Basi. Ilifika lini pwani yetu, haikuandika. Amiri Zheng He wa China alisafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, na twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Yongle mwaka 1415, kwa hiyo kishawishi cha kuikabidhi sarafu kwa msafara wake ni kikubwa, na huenda ni kweli. Lakini tazama Kajengwa, karibu na Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako lundo la sarafu za Kichina lilifukuliwa mwaka 1945. Nyingi ni za Song, na chache za Tang zimo ndani yake, zikiwa zimezitangulia nyingine kwa karne kadhaa. Shaba iliyosubiwa zamani sana ilikuwa bado inazunguka pamoja na mpya. Na huko Gedi, mwanaakiolojia James Kirkman alipata sarafu mbili za Song zilizosubiwa kabla hata ya enzi ya Yongle kuanza. Bahari ilizileta fedha hizi bila kungoja amiri.

Kwa hiyo nusu ya pili ya utungo huu iko kwenye udongo: tabaka ilimolala sarafu, na vilivyolala nayo. Mambrui ilipatikana pia kauri ya kijani ya Longquan ya mwanzo wa Ming, na hoja ya wachimbaji ina nguvu kwa sababu vitu hivyo vinasomwa pamoja. Mashine ya kusaka vyuma inayofuatwa na jembe la haraka huichana nusu hiyo. Uingereza, karibu na kijiji cha Buriton, Hampshire, wasaka vyuma walipata sarafu ya Song ya 1008 hadi 1016. Herufi zake zilitambuliwa bila shida. Ila ilitoka shambani bila tabaka yake, na mpaka leo inajadiliwa kama ilifika zama za kati au ilidondoka mfukoni mwa mkusanyaji wa juzi. Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inavifanya vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya serikali na inataka leseni kwa anayevichimba. Naiunga mkono kwa moyo wote, na sababu yangu ni ya msomaji: sitaki kupewa ukurasa uliokatwa katikati.

Sarafu ya Manda inaonyesha jinsi udongo unavyoongeza tarehe ambayo shaba haina. Tangazo la 2013 lilieleza kwamba Manda ilihamwa karibu na 1430. Ikiwa ni hivyo, basi kuna sakafu ya 1403 na dari ya 1430, na sarafu imebanwa katika miaka isiyofika 30, miaka ya Zheng He hasa. Lakini dari hiyo ni ya mji wa Manda, si ya kisiwa kizima. Upande wa pili wa kisiwa hichohicho kuna Takwa, na magofu yake ni ya watu walioishi hapo katika karne ya 16 na ya 17. Sarafu ileile ikitoka kwenye tabaka za mji wa kale, inasimulia miaka 27. Ikitoka upande wa Takwa, inaweza kuwa ilizunguka miaka 200 kabla ya kuanguka.